Arabuko-Sokoke: waongezwe askari, au skauti wa jamii walipwe?

Mtoa hoja, Malindi: Jamani, tupige hesabu. Msitu huu wa pwani ya Kenya ni kama kilomita za mraba 420. Mpe kila askari wa msitu kilomita za mraba 10 peke yake, na hapo nimemhurumia mwizi wa miti, wanatakiwa 42 wawe ndani kwa wakati mmoja. Ongeza zamu ya usiku, walio likizo, wagonjwa, wa langoni, wa kwenda kortini kutoa ushahidi: 100 wamepita. Umati huo nani amewahi kukutana nao? Mimi nasema waajiriwe.

Wa Jilore: Mwanangu, mwizi wa muhugu, ule mti wa kuchongea vinyago, hazagai kilomita zote hizo. Anafuata mti, na minene iliyobaki tunajua iko wapi. Anakata usiku, alfajiri pikipiki ishatokea barabarani, na wa kuisikia ni sisi tunaokaa ukingoni. Sheria ya 2005, na ya 2016 iliyokuja mahali pake, zimeturuhusu vyama vya misitu vya jamii. Skauti wetu, vijana wa kijiji wanaolinda msitu, wanazunguka na ndara, posho hawana. Walipwe hao kwanza.

Mtoa hoja: Shikamoo mzee, nusu nakupa. Skauti akiliona gogo hana bunduki wala gari. Atapiga simu tu, na anayepigiwa sharti awepo.

Mama vipepeo, Gede: Tena msitu wenyewe una wakubwa wanne: KFS wa misitu, KWS wa wanyamapori, KEFRI wa utafiti wa misitu, na makumbusho ya taifa. Mkiongeza askari, semeni ni wa nani na anapokea amri kwa nani. Mimi niko na Kipepeo, mradi wa kufuga vipepeo ulioanza 1993. Mti ukianguka, viwavi wangu wanakosa majani. Sina hamu ya kusikia mpaka wa kazi uko wapi.

Wa Lamu: Huku mikokoni, ukataji ulipopigwa marufuku Februari 2018, mkata boriti mwenye leseni aliambiwa atoke. Yeye hakuwa akimvumilia mwizi kwenye eneo lake! Macho yakaondoka naye. Na mlinzi asiye na mafuta ya boti, hata wawe 100, watakaa gatini wapige soga.

Mtoa hoja: Mafuta sina ubishi. Lakini skauti akipiga saa nane usiku, apokee nani?

Wa Jilore: Mimi nimeshapiga, namba ya nani sitaji. Iliita mpaka ikakatika. Asubuhi tukaenda kuhesabu visiki, vilikuwa vitatu.