Naomba ushauri: shairi la tanzia lisilolia kupita kiasi

Wadau wa ushairi, habari zenu. Naandaa tarbia (mistari minne kila ubeti) ya beti 7 ya kusomwa kwenye arobaini: mizani (silabi) 8 kwa 8, vina vya kati -ni, vya mwisho -si.

Tatizo ni kina -ni. Kinavuta huzuni, moyoni, machoni, kaburini, na kufika ubeti wa 3 msikilizaji ameshazoea kilio. Linganisheni:

Nimejaa na huzuni, machozi pasi kiasi
Kofia msumarini, kanzu bado ina pasi

Wa pili hautaji huzuni, ila ndio unaouma. (Ile "m" ya msumarini ni mizani kamili, ya "mwana" haihesabiwi peke yake.) Al-Inkishafi, utenzi wa kale, inaulilia mji wa Pate ulioanguka vivyo hivyo: kwenye madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyowekwa sahani za kauri sasa wanalala makinda ya ndege.

Naomba mnisaidie haya: kibwagizo (mstari wa mwisho unaorudiwa) kibaki kilekile beti zote, au kigeuke ubeti wa mwisho kuwa dua? Naona dua ikirudiwa mara 7 inapoa. Na vitu vya marehemu vitajwe hadi ubeti wa ngapi kabla jina lake halijatamkwa? Wenye kughani mbele ya wafiwa, majibu yenu nayasubiri zaidi.