Naomba ushauri: dira ya elektroniki ya boti niifunge wapi?

Ndugu zangu mnaofanya kazi za majini, hamjambo. Boti yetu ya faiba hubeba abiria kati ya Mbita na Mfangano, na sasa tunataka kuiwekea otopailoti, yaani kifaa kinachoiongoza boti chenyewe kwa kufuata dira. Fundi anasema GPS tuliyo nayo inatosha. Sikubaliani naye. GPS hujua boti inakokwenda, haijui pua imeelekea wapi. Ukipunguza mwendo ili kukwepa magugu maji, huku upepo ukikusukuma kando, mambo hayo mawili hutofautiana kabisa. Tunavusha akina mama wa sokoni na watoto wao, kwa hivyo sitaki kubahatisha.

Nimebaki na aina mbili za dira: sensa ya sumaku, au dira ya setilaiti yenye antena mbili. Hii ya pili haisumbuliwi na chuma, lakini bei ni kali na lazima ikae mahali penye anga wazi.

Nikichukua ya sumaku, shida ni mahali. Inafaa ikae chini, karibu na katikati ya boti ambako mtikiso ni mdogo, tena kama mita moja au zaidi kutoka kwa injini, spika na nyaya nene za betri. Kwetu, katikati ndipo betri zilipo! Je, niisogeze mbele nivumilie mawimbi, au nihamishe betri? Kusokota pamoja waya chanya na hasi kunasaidia kweli? Na mkishaifunga, mnapozungusha boti polepole ili kuirekebisha dira, huwa mnarudia kila mnapoongeza kifaa kipya?