Jerry Lawler wa Memphis: aliwezaje kupigana katika mji mmoja kila Jumatatu bila kuchokwa?

Mwanagenzi wa Tanga aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulimfahamu Jerry Lawler kama yule mtangazaji mwenye taji, anayekaa kando ya Jim Ross akiwadhihaki wapiganaji. Hivi karibuni nimesoma kwamba kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, maisha yake yalikuwa Memphis, jimbo la Tennessee, na kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 alipanda ulingoni karibu kila Jumatatu, ukumbi uleule na watazamaji walewale. Hapo ndipo ninapokwama. Mieleka ya kulipwa matokeo yake hupangwa, kwa hiyo hata ile shauku ya kutojua nani atashinda kwa haki haipo. Mtu mmoja aliwauziaje watu walewale tiketi mwaka hadi mwaka? Na kama alikuwa hodari kiasi hicho, kwa nini hakwenda New York mapema, kwenye kampuni kubwa ya akina McMahon (leo WWE)?

Mzee wa Kaseti alijibu:

Mwanangu, anza na ramani. Tangu mwaka 1948, mapromota waliounda muungano wa NWA waligawana Marekani vipande vipande, kila mmoja na himaya yake, na haikuwa adabu kuandaa pambano katika himaya ya mwenzako. Memphis ilikuwa ya Nick Gulas hadi mwaka 1977, Jerry Jarrett alipojitenga naye na kuuchukua mji akiwa na Lawler kama nyota wake. Mzunguko wao ulikuwa Memphis Jumatatu, Louisville Jumanne, Evansville Jumatano, na miji midogo ikijaza siku zilizobaki. Mpiganaji wa kawaida alikaa katika himaya miezi kadhaa, watu wakamzoea, akahamia nyingine. Lawler hakuhama kwa sababu hapo ndipo kwao. Alizaliwa Memphis mwaka 1949, na aliingia katika fani kwa njia ya kalamu, kwani michoro yake ya wanamieleka ilionyeshwa na mtangazaji Lance Russell kwenye televisheni kabla yeye mwenyewe hajaanza kupigana mwaka 1970.

Sasa nije kwenye swali lako. Siri ilikuwa televisheni ya Jumamosi asubuhi, dakika 90 moja kwa moja kutoka studio ya Channel 5, wakiongoza Lance Russell na Dave Brown, ambaye siku nyingine alikuwa msoma utabiri wa hali ya hewa wa kituo hichohicho. Fikiria uzito wa jambo hilo: mtu aliyekuambia jana kwamba mvua itanyesha, leo anakuambia kwamba Lawler amevamiwa. Jumamosi ugomvi ulianzishwa bure, ukaachwa pale panapouma, na aliyetaka kuona kisasi alilazimika kulipa Jumatatu katika ukumbi wa Mid-South Coliseum, ulioweza kuchukua watu takriban 10,000. Watazamaji hawakuja kujua nani ana nguvu zaidi. Walikuja kwa sababu walitukanwa wao, na mji wao, na mtu wao.

Tena Lawler hakuwa staringi siku zote. Alianza akiwa adui, na mwaka 1974 alimshinda Jackie Fargo, kipenzi cha mji na mlezi wake, ndipo akajitwalia jina la Mfalme. Watu waliomzomea miaka hiyo ndio waliokuja kumshangilia baadaye, na alipoona mapenzi yanapoa aligeuka tena. Mapigo yake yalikuwa machache, hasa ngumi, lakini alijua kuzipangia wakati: alipigwa hadi watu wakakata tamaa, kisha akashusha ule mkanda wa begani wa fulana yake, na ukumbi mzima ukajua kwamba kipigo kinabadilisha mwelekeo.

Hesabu Kwanza alijibu:

Naongezea upande wa fedha, ambao mashabiki huupita haraka. Wapiganaji walilipwa kwa kadiri ya mapato ya mlangoni, kwa hiyo Jumatatu yenye viti vitupu iliumiza kila mtu hadi mwamuzi, na Louisville ilikuwa safari ya gari ya takriban kilomita 600, zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Moshi. Wengi waliopita Memphis wamelalamika kwamba malipo yalikuwa madogo. Lawler alikuwa na ahueni kwa sababu baadaye alikuwa na hisa katika biashara yenyewe, na hilo, kwa maoni yangu, linajibu swali la New York kuliko mapenzi yoyote ya nyumbani. Ubaya wa kumtegemea mtu mmoja ulionekana mwaka 1980, alipovunjika mguu akicheza mpira wa Kimarekani na marafiki, akakaa nje karibu mwaka mzima.

Mwanagenzi wa Tanga:

Ahsanteni sana, nimeelimika. Mzee wangu, kuna pambano moja ambalo ungemshauri mgeni aanze nalo? Watu wengi hutaja lile la mchekeshaji Andy Kaufman.

Mzee wa Kaseti:

La Kaufman ni maarufu, lakini mimi ningeanza na Tupelo, Mississippi, Juni 1979. Lawler na mwenzake Bill Dundee walikuwa wamekwisha kupokonywa mikanda ya ubingwa na Wayne Farris na Larry Latham, pambano limekwisha, kisha ugomvi ukamwagikia kwenye kibanda cha vyakula. Chupa za haradali zinavunjika, trei zinaruka, sakafu inateleza, na Russell anasimulia kwa sauti ya mtu ambaye kweli anaogopa. Hakuna mbinu hata moja ya kitaalamu pale, na ndiyo maana unaamini.

Binti Mvita alijibu:

Kwa ruhusa ya mzee, nimtetee Kaufman kidogo. Alikuwa akijitangaza bingwa kwa kupigana na wanawake, na akawatukana watu wa Kusini mwa Marekani kwenye televisheni yao wenyewe, hivyo alikuwa adui aliyekamilika. Tarehe 5 Aprili 1982 Lawler alimgeuza kichwa chini miguu juu, akaketi naye kwa kishindo hadi utosi ukagonga turubai, pigo lililopigwa marufuku huko. Kwa hiyo Kaufman alitangazwa mshindi akiwa amelala chini. Julai wakakutana kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman na Lawler akamzaba kofi lililomwangusha kitini. Kaufman alifariki mwaka 1984 bila hata mmoja wao kukiri hadharani kwamba ugomvi wao ulikuwa wa kupangwa.

Kuhusu mtangazaji mwenye taji: alijiunga na kampuni ya Vince McMahon mwishoni mwa mwaka 1992, himaya nyingi zikiwa zimekwisha kufa, lakini Memphis hakuiacha. Ndiyo maana mwaka 1993 Marekani nzima ilimwona adui anayeitukana familia ya mwanamieleka Bret Hart, wakati Memphis alikuwa bado staringi wao, na McMahon mwenyewe ndiye aliyeonekana huko akiigiza tajiri mwenye kiburi anayetaka kumwona Mfalme akianguka.