Shimo la jino la mzee haliponi, dawa kanywa mpaka basi, nimpeleke wapi?

MtuWaRangitatu
Habari zenu wakuu, naomba mwenye uelewa anisaidie maana hapa nyumbani kila mtu anaongea lake. Mzee wangu umri umeenda, kazaliwa kabla ya uhuru, ni mtu wa ugoro tangu ujana wake na hizi kuberi, tumbaku ya pakiti ya kubana mdomoni, zilivyoingia mjini akahamia huko, anabana mdomoni upande wa kushoto asubuhi mpaka analala. Sasa kabla ya mfungo jino la chini la nyuma upande huohuo likaanza kulegea, haliumi, halijatoboka, linacheza tu. Akaenda zahanati moja ya mtaani wakaling'oa. Mfungo umeisha, Idi imepita, lile shimo halijafunga mpaka leo. Kapewa amoksi na Flagyl kamaliza, karudi kapewa zilezile tena, kaongezewa na dawa ya kusukutua. Juzi nikamwambia mzee hebu fungua mdomo nimulike na simu, nikaona ndani ya shimo kumeota kinyama kina mabaka mekundu na meupe, kikiguswa kidogo tu damu. Halafu anasema mdomo wa chini upande ule hausikii, chai inamchuruzika hajui. Yeye mwenyewe wala hana wasiwasi kwa sababu anasema hapaumi. Je inaweza kuwa ganzi ya kung'olea jino haijaisha? Na hospitali gani hapa Dar wanahusika na vitu hivi, sisi tuko Mbagala, maana bima ipo ila sijui taratibu zake, na kina shangazi washaanza kusema apelekwe Tanga kuna mtaalamu.

kinyozi_wa_Tandika
Ganzi ya kabla ya Ramadhani mpaka leo? Acha utani mkuu, mbebe mzee kesho asubuhi.

Bwana_Mizizi
Pole sana mkuu. Chemsha mwarobaini na chumvi ya mawe asukutue, na hata mkienda hospitali chonde chonde msikubali wamkate kinyama cha kupima. Mjomba wangu alikuwa na uvimbe shingoni umetulia zake, walivyomkata tu ukasambaa, hakumaliza mwaka. Haya magonjwa hayataki kisu.

DoktaMenoMstaafu
Kijana wangu nimesoma hii nikaona nisilale bila kujibu. Ganzi tunayochoma kung'oa jino inaisha ndani ya masaa machache. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mshipa wa fahamu unapita kwa urefu wake wote, ndio unaokuja kutokea kwenye mdomo wa chini na kidevu, kwahiyo mdomo ukifa ganzi wenyewe upande mmoja maana yake kuna kitu kinaubana au kinaula huko ndani. Jingine ni hilo jino. Jino zima, halijatoboka, majirani zake wamesimama imara, lenyewe linacheza, hapo mtu anatakiwa ajiulize kabla ya kushika koleo. Tena kwa mtu anayebana tumbaku palepale. Mimi sikwambii ni saratani kwa sababu sijamuona, inaweza kuwa mfupa umeingia usaha, hata TB ya kinywa ipo ingawa ni ya nadra. Ila hakuna anayeweza kukwambia ni kipi kwa kuangalia kwa tochi ya simu, wala kwa kumpa amoksi kwa mara ya tatu. Kidonda au shimo la jino lililopita wiki 2, sana sana 3, halioneshi kupona, linatakiwa kukatwa kinyama kidogo kikaangaliwe maabara, basi. Hiki ndio kitu kinachoniuma na kazi yetu hii, watu wanakuja na mafaili yamejaa vyeti vya dawa za kuua bakteria, miezi na miezi, hakuna hata mmoja aliyechukua kinyama.

Na hilo la kutouma lisikupumbaze, saratani ya kinywa mwanzoni ndivyo ilivyo, haiumi. Inaanza kuuma ikishakuwa kubwa.

Bwana Mizizi pole kwa msiba wa mjomba lakini kupima sio kulikomsambazia. Uvimbe wa shingoni mara nyingi ni tezi ambayo ugonjwa ushaifikia ukitokea mdomoni au kooni, yaani alipokatwa safari ilikuwa imeshaanza zamani, watu wanahesabu kuanzia siku ya kisu kwa sababu ndio siku wanayoikumbuka. Mwarobaini asukutue akitaka, ila akiwa kwenye foleni ya hospitali.

Taratibu: kwa kuwa mko Mbagala anzieni kliniki ya meno hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke, wakimuona watawaandikia rufaa ya Muhimbili, pale kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na bima inataka hiyo karatasi ya rufaa usije ukaenda mikono mitupu. Atapigwa eksirei ile kubwa inayoonesha taya lote, watapapasa tezi za shingo, watakata kinyama kwa ganzi ya kawaida tu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. CT skani inafuata kama wakiona kuna haja.

MtuWaRangitatu
Shikamoo dokta, asante sana, yaani umenifungua. Sasa nimeshikwa na woga. Shingoni chini ya taya kuna kidude kigumu kidogo nilidhani ni tezi tu za kawaida za mtu mwenye jino bovu. Ikiwa ndio yenyewe kuna matibabu kweli au ndio tunaenda kuhangaika, maana huku mtaani mtu akitajiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, wanaanza kuulizana ukubwa wa turubai.

dada_wa_Ukonga
Mdogo wangu hao wa turubai waache na maneno yao. Mimi nimeuguza mama mkwe pale Ocean Road, ya kwake ilikuwa ulimini pembeni, akaanza kukatwa Muhimbili kisha akapelekwa mionzi, yupo, anagombana na wajukuu kama kawaida japo maneno mengine hatamki vizuri. Jengo la mbele ni la Wajerumani la tangu 1897 ukiliona kwa nje unaweza kuogopa kweli, ila ndani ni watu wanakuja wanapigwa mionzi wanaondoka zao, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa saratani hizi za mdomo na shingo inakwenda kama wiki 6 au 7 hivi. Nachotaka nikwambie mapema kabla hamjafika huko: MENO. Kabla ya mionzi hakikisha daktari wa meno kampitia mdomo mzima, yale mabovu yatolewe na vidonda vipone kwanza, maana mfupa wa taya ukishapigwa mionzi damu haiufikii vizuri tena, ukija kung'oa jino baadae hata baada ya miaka kidonda kinaweza kugoma na mfupa ukaoza. Sisi tuliambiwa na nesi mmoja Mungu ambariki. Na mate yatakauka, atatembea na chupa ya maji, meno yatakuwa yanatoboka haraka kwahiyo dawa ya meno yenye floraidi na mswaki laini kila siku. Na awe anafanya mazoezi ya kufungua mdomo, mama alidharau akawa anaingiza kijiko cha chai kwa shida.

DoktaMenoMstaafu
Dada wa Ukonga kasema yote, hapo kwenye meno ningeweka wino mwekundu. Kijana, hicho kidude cha shingoni waoneshe, usisubiri waulize. Kama ni saratani ya fizi inayoingia kwenye mfupa, matibabu ya kwanza huwa ni upasuaji, wanatoa kipande cha taya na tezi za shingo, kisha mionzi, na mara nyingine dawa za kemo pamoja na mionzi. Ikikamatwa ndogo, chini ya sm 2 na haijafika shingoni, upasuaji peke yake mara nyingi unatosha. Ikishafika kwenye tezi kazi inakuwa kubwa lakini sio kwamba ndio mwisho. Na kuberi aache leo, hata majibu hayajatoka.

Fundi_Aluminium
Samahani nachomekea, mimi nina mdogo wangu taya lilivimba taratibu miaka kadhaa haliumi, kijijini wakasema karogwa, Muhimbili wakasema inaitwa ameloblastoma, sio saratani ila inakula taya kama saratani, wakakata upande mmoja wakaweka chuma. Saizi anatafuna mahindi ya kuchoma. Kwahiyo mkuu uvimbe wa taya una mambo mengi usijimalize kabla ya majibu.

DoktaMenoMstaafu
Kweli kabisa, hiyo tunaiona sana kwa vijana. Ila ukikutana na mtoto mdogo taya limevimba ghafla ndani ya siku chache, meno yanacheza, huyo usimuwekee siku. Kuna saratani ya Burkitt, ilielezewa Uganda mwaka 1958, inakua kwa kasi ya ajabu lakini inasikia kemo vizuri sana ikiwahiwa.

Mpemba_Kariakoo
Dokta na sisi watu wa tambuu? Sina kidonda, ila mashavu kwa ndani yamekuwa magumu na pilipili siku hizi inaniunguza balaa, na mimi tumbaku siweki kabisa, popoo na chokaa tu.

DoktaMenoMstaafu
Ndugu yangu popoo yenyewe bila tumbaku ina kesi, wataalamu wa saratani wa shirika la afya duniani waliiweka kwenye kundi la vinavyosababisha saratani tangu 2004. Mashavu kukakamaa na pilipili kuunguza ndio dalili hasa za makovu ambayo popoo inaleta ndani ya mashavu, mdomo unaanza kufunga kidogo kidogo, na yanaweza kuja kugeuka saratani. Weka vidole vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya mbele, visipoingia usingoje. Hata vikiingia nenda wakakuangalie, na tambuu uiache, maana hayo makovu yakishakuwepo hayarudi nyuma.

MtuWaRangitatu
Dokta mrejesho, Temeke tumeenda, hawajazungusha, rufaa imetoka na Muhimbili tumepangiwa kukatwa kinyama Alhamisi. Mzee kagoma kidogo akakubali, kuberi kasema atapunguza 😂 Swali la mwisho, aende na njaa? Ana presha na anameza aspirini.

DoktaMenoMstaafu
Ni ganzi ya hapohapo, ale ashibe, baadae kutafuna kutakuwa shida. Dawa ya presha ameze kama kawaida, aspirini asiache kwa akili yenu ila waambieni madaktari mapema kabla hawajakata. Chukueni eksirei na majina ya dawa zote alizokunywa. Na kama mtaambiwa mkipeleke wenyewe maabara, angalieni kichupa kimeandikwa jina la mzee na kinyama kimezama kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze, sio maji wala spiriti, kikiharibika atakatwa upya.