Kikundi cha kuacha pombe: niende Mombasa, niingie kwa simu, au hiki cha hapa Malindi?

Kusi_Mld
Assalam aleykum ndugu zangu. Nina miaka 41, naishi Maweni, na nataka kuacha pombe. Kila Ramadhani huacha, kisha Idi mosi jioni niko mangweni kwa wauza mnazi. Mara hii hata mfungo haukunisaidia. Siku ya pili bila kinywaji nilianguka jikoni, dada yangu akanikuta natoka povu. Nikarudia kunywa ili nitulie, na sasa ni kila siku.

Njia nilizoziona ni hizi. AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha) ya Mombasa, ana kwa ana, lakini ni kilomita kama 120 na nauli ya kila wiki si mchezo. Vikao vya AA kwa simu. Halafu kuna kikundi kidogo kinachokutana nyuma ya kanisa moja hapa mjini, dakika kumi kwa boda. Hicho nakichelea, maana Malindi hii ukikohoa Shela, Barani wanakupa pole. Mliopitia, mlichagua kipi?

BabaWatatu
Mombasa. Hapa karibu nilijaribu, kikao cha pili nikakaa ubavuni mwa mtu anayenidai. Sikurudi.

Kule unataja jina moja tu, na hata hilo hulazimishwi. Hakuna ada. Mchango unapitishwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho anapitisha kwa mwenzake. Sharti ni moja, uwe na nia ya kuacha kunywa. Siku yangu ya kwanza mikono ilitetemeka hata nikaogopa kupokea chai. Mzee aliyeshika chupa ya chai alinitazama vidole, akanijazia kikombe nusu, akaenda kwa mwingine. Hakusema neno. Kwa ajili ya kile kikombe nusu nilipanda matatu tena wiki iliyofuata.

Nesi_Pwani
Kaka Kusi, ngoja kwanza. Kule kuanguka kwako ni degedege la kukatiza pombe ghafla. Mwili uliozoea kileo kila siku ukikinyimwa, degedege huja aghalabu kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Siku ya tatu au ya nne wengine huanza kuweweseka, wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, jasho linawatoka. Hali hiyo huua. Na aliyekwisha kuanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena.

Hilo halitibiwi na kikundi chochote. Usiache peke yako nyumbani. Nenda hospitali, mwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata kikombe. Atakupa dawa za kutuliza mwili kwa siku chache, na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza. Ukiona haya kuanza, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uongee na mshauri kwanza. Kikundi kije baada ya hapo, na hapo kina kazi kubwa.

Ummu_S
Msikilize nesi. Na dada yako asisahauliwe. Al-Anon ni ya jamaa wa wanywaji, ipo tangu 1951. Mimi niliingia kwa simu, ndipo nikaacha kumwaga chupa za mume wangu na kumdanganya bosi wake kwamba ana malaria.

Mvuvi_Watamu
Mimi nilianza kwa simu. Uzuri wake ni saa. Nilichagua kikao cha saa kumi na moja jioni kwa sababu siku za kazi baa huruhusiwa kufunguliwa saa hiyo, tangu sheria ya 2010. Mangwe halingoji saa, lakini kiu yangu ilikuwa ya baa.

Ubaya niseme kweli. Wiki tatu nilihudhuria nimelewa, kamera nimeifunga, na hakuna aliyejua. Ana kwa ana harufu ingenisema. Tena vikao vingi ni vya Kiingereza, na bando linakwisha katikati ya maneno ya mtu anayelia.

Kusi_Mld
Shukran. Hospitali nimekubali, dada atanisindikiza kesho asubuhi. Ila zile hatua 12 za kuacha pombe wanazozifuata AA zinamtaja Mungu. Mwislamu ataingiaje?

BabaWatatu
Zinasema Mungu kama kila mtu anavyomfahamu. Wakimaliza kwa dua yao, mimi hujisomea Fatiha kimoyomoyo. Ukitaka kisichogusa dini, ipo SMART Recovery, ilianza Marekani 1994, nayo ina vikao vya mtandaoni.

Dada_Barani
Mimi ni wa hicho kikundi cha nyuma ya kanisa. Tuko tisa, wawili Waislamu. Kaka yangu, unaogopa kuonekana ukitoka kikaoni. Ulipokuwa ukitoka mangweni ukiyumba, nani hakukuona?

BabaWatatu, ya mdai wako naielewa, ilikuwa aibu nzito. Lakini kiu hubisha hodi saa nane usiku. Wa Mombasa atakupokea simu. Mimi nitakuja na boda, na nimeshafanya hivyo kwa watu watatu.

Kusi_Mld
Mnakutana lini? Nikifika nimechelewa, naruhusiwa kuingia?

Dada_Barani
Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Daktari akikuruhusu, njoo. Kiti cha karibu na mlango huwa hatukikalii, ni cha mgeni.