Mchumba wangu alipigana Somalia, mimi naona ile vita ilituumiza Lamu. Haya mambo tunayaongeaje?

BintiFaza
Assalam aleykum jamani, msinicheke. Mimi kwetu Kizingitini lakini nakaa Lamu, Langoni, kwa ajili ya kazi. Kuna mtu tunajuana mwaka na miezi sasa, mtu wa Malindi, alikuwa KDF, jeshi la Kenya, akastaafu, saa hii ana duka la spea za pikipiki na mashine za boti. Mpole, anaswali, mamangu anampenda mpaka nishaanza kuona wivu. Barua ya posa iko njiani.

Sasa shida yetu ni moja tu, vita. Yeye aliingia Somalia na wale wa mwanzo kabisa Oktoba 2011, ile operesheni ya Linda Nchi dhidi ya wanamgambo wa Al Shabaab, na Kismayo ikichukuliwa Septemba 2012 alikuwako. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Vita ninayoijua mimi ni baba kukatazwa kutoka usiku, miaka na miaka, na jarife, ule wavu mkubwa, linategwa usiku sasa unategemea ale nini. Ni kafyu baada ya shambulio la Mpeketoni, watu wanakimbilia majumbani jua halijazama sawasawa. Na binamu yangu alichukuliwa alfajiri moja na watu hawakusema wanatoka wapi, mpaka leo shangazi anamwekea sahani.

Juzi juzi tulikuwa Mkunguni tunakula viazi karai, redio ya jirani inataja ile misheni mpya ya Umoja wa Afrika kule, AUSSOM, mimi nikaropoka tu, "hii vita ilitubomolea mji wetu na mpaka leo sijui ilimsaidia nani". Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, 2011 ulikuwa na miaka mingapi? Nikasema kumi na tano. Akasema "basi", akanyamaza, akanisindikiza mpaka mlangoni kama mtu anamsindikiza mgeni. Siku tatu hakupiga simu.

Sitaki kumvunjia heshima lakini pia sitaki kuolewa halafu nikae na hili jambo kooni miaka arobaini. Wenye kujua nisaidieni.

Nahodha_wa_Ndau
Mwanangu uliyosema si uongo, mimi nilikuwa na mashua na watu sita wananitegemea, tulipokatazwa usiku niliuza mashine kwanza halafu mashua yenyewe. Hakuna mtu aliyekuja kutuuliza mtakula nini. Kwa hiyo usijilaumu.

Lakini nikwambie kitu na usinikasirikie. Watu hapa hupenda kusema jeshi liliingia ndio matatizo yakaanza, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo barazani, mpaka siku moja mjukuu wangu akanihesabia tarehe. Yule Muingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa Septemba 2011. Yule mama wa Kifaransa akachukuliwa Manda mwanzo wa Oktoba. Jeshi likaingia Somalia katikati ya Oktoba, baada yake. Hoteli zilifungwa kabla ya kifaru hata kimoja kuingia. Haya, Mpeketoni ni Juni 2014, watu zaidi ya sitini, hiyo ni baada, na Al Shabaab wenyewe wakasema wanalipiza kule Somalia. Hapo rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta akatoka akasema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Sasa kama wakubwa wenyewe hawakupatana nani katupiga, nyinyi wawili mtapatana kwenye sahani ya viazi?

Mpita_Ndia
Dada achana nae. Mtu wa vita ni mtu wa vita, leo ananyamaza kesho atafanya nini. Wanaume wamejaa.

MamaWaKambini
Wewe Mpita Ndia pita basi ndia yako. Mimi nimeolewa na mwanajeshi miaka kumi na saba, niko Malindi, sijawahi kuinuliwa mkono. Wapo wabaya kama walivyo wabaya walimu na wenye maduka.

Bi, nikuambie la kwangu. Nilikosea miaka mitatu ya kwanza. Mume alirudi kutoka kule nikawa namuuliza maswali ya habari, tumeshinda ama hatujashinda, kwa nini hamrudi, wale waliokufa ni wangapi. Hayo si maswali ya mke, ni ya bunge, na sisemi mke asiwe na siasa zake, mimi ninazo na zinanizidi, kura yangu hakuna anayeijua. Nasema tu ukimuuliza hivyo anasikia kesi, anaanza kujitetea kitu ambacho hakukiamua yeye. Kupeleka jeshi nje ni Baraza la Usalama la Taifa na Bunge kuidhinisha, iko kwenye katiba. Koplo anaambiwa lori linaondoka saa kumi, basi.

Siku iliyofungua mdomo wake ni siku nilimuuliza kule mlikuwa mnakula nini. Aliongea mpaka adhana ya alfajiri. Maharagwe, mchanga kwenye chai, mpishi wao aliyekuwa akiimba. Nikajua yule mpishi hakurudi, sikuambiwa, nilijua tu kwa vile alivyoacha kumtaja.

Na wewe wa Kizingitini una kitu mimi sikuwa nacho. Kismayo kuna Wabajuni. Na Koyama, Chovai, Chula, visiwa vyote vile ni watu wa kwenu. Mwulize kama alikutana nao.

Mstaafu_Mtulivu
Mimi nilitumikia, sitasema wapi. Naomba kumuuliza dada swali moja kabla sijasema kitu: ile siku ya viazi ilikuwa tarehe ngapi?

BintiFaza
Ngoja niangalie simu manake nilipiga picha... ilikuwa tarehe 15 Januari. Kwani?

Mstaafu_Mtulivu
Nilidhani hivyo.

15 Januari 2016 ni El Adde, kule Somalia. Kambi yetu ilivamiwa na Al Shabaab alfajiri. Serikali haijatoa hesabu kamili ya waliokufa mpaka leo, familia zingine zilijua kwa simu za watu. Huyo bwana huenda hakuwa kule, lakini sote askari wa chini tunapita Eldoret kufunzwa uaskari, kwa hiyo kila mmoja wetu ana mtu wake pale. Mimi nina wawili. Siku hiyo sifungui redio.

Hukujua, hakuna wa kukulaumu. Lakini sasa umejua, ukisema "sijui ilimsaidia nani" yeye hasikii siasa, anasikia Fulani alikufa bure.

Halafu kitu kingine watu wa nje hawakijui, jeshini siasa haiongelewi. Ukiwa ndani hutakiwi kuwa na chama wala kubishana kuhusu amri, miaka yote hiyo unajifunza kumeza. Unatoka una miaka arobaini na kitu, unapata mchumba anakwambia tuongee maoni yetu kuhusu vita. Hatujui kuongea hivyo! Tunajua ndio afande na tunajua kunyamaza. Mpe muda. Na usimkubalie kwa kumwonea huruma, hilo tunaligundua haraka na linauma zaidi ya kubishiwa. Mwambie ya binamu yako, yote, kama ulivyotuambia hapa. Mimi nikisikia jambo kama hilo siwezi kusema lilikuwa sawa. Wengi wetu hatuwezi.

Mpita_Ndia
Mimi nilisema tu. Lakini bado nasema akikupiga usije hapa kulia.

MamaWaKambini
🙄

BintiFaza
Narudi kuwapa habari, samahani nimechelewa, mtandao wa huku mnaujua.

Nilimpigia mimi. Nikamwambia sikujua ile ilikuwa siku gani, na siombi radhi kwa ninavyoiona vita lakini naomba radhi kwa siku. Alinyamaza sana nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, nani amekwambia? Nikasema wazee wa mtandaoni. Akacheka, mara ya kwanza tangu Januari.

Akaja Jumapili. Sikumuuliza siasa. Nikamuuliza Kismayo alikutana na Wabajuni? Akaniangalia. Akasema kulikuwa na mama mmoja mzee karibu na bandari akiuza samaki wakavu, siku moja akamgombeza kwa sababu gari lao lilikanyaga mkeka wake wa samaki, na yeye akasimama pale na bunduki yake anaelewa karibu kila neno la matusi, wenzake wa bara hawaelewi kitu, wanamuuliza anasemaje. Akawaambia anatuombea dua 😂. Anasema alivyomsikia mamangu mara ya kwanza akiongea jikoni kwetu alitoka nje akajifanya anapokea simu.

Mimi hilo sikulijua. Mwaka mzima nilidhani alitoka kwa sababu ya moshi.

Basi ndipo nikamwambia ya binamu, mwanzo mpaka mwisho, na sahani ya shangazi. Hakusema walikosea wala hawakukosea. Aliuliza jina lake kamili. Mara mbili. Kuhusu vita bado hatujapatana, yeye anasema bila jeshi Al Shabaab wangefika mpaka Mokowe, mimi nasema walifika mpaka Mpeketoni na nyinyi mko huko huko, tukaishia hapo chai ikapoa.

Sasa iliyobaki ni baba. Amesema aje Ijumaa baada ya swala, na ana maneno yake kuhusu miaka ya jarife, nimemjua baba hayatakuwa mafupi. Nimemwonya mwenzangu. Anasema sawa, atakaa asikilize, na atamletea plagi mpya za mashine ya boti.

Nahodha_wa_Ndau
Mashine ya baba yako ni ya nguvu ngapi? 15 ama 40? Mwambie aulize kwanza, plagi hazifanani, asije akaharibu posa kwa plagi.