Probox haivuti mlima wa Kericho, niongezeje torki (nguvu ya kuzungusha magurudumu)?

MzigoWaAhero: Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Probox ya cc 1500, injini ya 1NZ, gia za mkono. Napeleka mchele Nakuru kutoka Ahero. Tambarare haina neno, ila nikianza kupanda kuelekea Kericho inachoka kabisa: nakanyaga mafuta hadi mwisho, kelele nyingi, mwendo hakuna. Makanika mmoja anasema nitoe silensa niweke bomba tupu. Mwingine ananiuzia kidude cha kuchomeka chini ya usukani, eti kinaamsha kompyuta. Nina kama elfu kumi na tano. Niziweke wapi?

Omena_Kavu: Weka Sacco, ukope lori 😂

FundiKondele: Kidude achana nacho, kazi yake ni kuwaka taa tu. Silensa pia usiiguse. Kwa injini ndogo kama hiyo, bomba wazi ni kelele, na mara nyingi linakula hata ule mvuto wa chini unaoutafuta.

Injini yako ikiwa mpya hutoa torki ya Nm 140 hivi (Nm ni kipimo cha torki), tena mizunguko ikishafika 4,000 na ushee kwa dakika. Halafu kuna hewa. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Mau Summit ni takriban 2,500. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo kule juu robo ya nguvu imekwenda hata gari likiwa zima. Hiyo hakuna fundi wa kukurudishia.

Inayorudi ni ile iliyoliwa na uchafu. Toa filta ya hewa, imulike tochi kwa ndani. Mwanga usipopita, tupa, usiipulize tena. Fungua bomba la hewa uangalie sahani ya throtoli, ile inayofungua na kufunga hewa ya injini: masizi meusi ukingoni yanatoka kwa mswaki na dawa ya kabureta, lakini kama ni ya umeme usiisukume kwa kidole, ina mota. Sensa ya hewa ina dawa yake, waya wake usiguswe. Kisha plagi, na upime kompresheni, yaani jinsi injini inavyokaza hewa ndani ya silinda, kabla hujanunua kitu kingine.

Turbo_Mtaani: Si aweke turbo tu?

FundiKondele: Turbo ndiyo inaongeza torki kweli, maana inasukuma hewa kwa nguvu. Lakini 1NZ ina kompresheni ya 10.5 kwa 1. Ukiipakia turbo bila kupanga upya mafuta na moto, utaokota pistoni barabarani. Na elfu kumi na tano haifiki hata kwa mabomba.

Dada_Shabab: Fundi umesahau gia. Ndugu, usingoje gari lifie ndani ya nne. Shuka tatu kabla mlima haujakukaba, gia ndogo inazidisha torki kwenye magurudumu bure. Umevaa tairi gani?

MzigoWaAhero: Niliweka za inchi 15, nene, gari liinuke. Barabara ya kwetu ni mashimo matupu.

Dada_Shabab: Basi hapo umejifungia gia ndefu. Tairi likiwa kubwa kuliko la kiwanda, injini inalizungusha kwa taabu, na hata spidomita inakudanganya.

FundiKondele: Na mchele ni kilo ngapi?

MzigoWaAhero: 500 tu. Wenzangu hubeba zaidi.

FundiKondele: Kiwanda kimeandika 400, tena mkiwa wawili tu. Punguza gunia mbili za hamsini, rudisha tairi za ukubwa wa kiwanda, kisha uje tupime kompresheni. Uje asubuhi, gari likiwa halina mzigo.